Kukohoa damu si TB kila mara: pafu linapojeruhiwa na donge la damu

Hapa kwetu mtu akikohoa damu, mtaa mzima unatoa jibu kabla ya munganga. Upande wa Bukavu na Walungu utasikia "Iko karuho", maana yake amelishwa sumu. Goma, Bunia ao Uvira wengi watasema "Iko na TB", na mgonjwa ataanza kutengewa kikombe chake. Wale wa TB mara mingi wanasema kweli, kwa kuwa Kongo ni moja kati ya inchi zenye kifua kikuu kwa wingi zaidi duniani. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaofanana nayo. Huo hauambukizi, haungoji wiki mbili, na unaweza kumuua mtu aliyekuwa mzima juzi. Ni pale donge la damu linapotoka mguuni, linapanda mpaka kwenye mapafu, linaziba mshipa na kuacha kipande cha pafu bila damu.

Kule kuziba, wanganga wanakuita emboli ya mapafu. Kipande cha pafu kinachokufa kwa kukosa damu wanakiita infarkti. Ni maneno ambayo familia inayasikia kwa mara ya kwanza ndani ya korido ya hospitali, saa sita ya usiku, wakati munganga ana haraka na dirisha la malipo limefungwa. Tunayaeleza hapa pole pole.

Mfano wa mama mzazi

Tuchukue mfano. Si wa mtu fulani, tumeutunga ili jambo lieleweke. Mama wa miaka 28 amezaa kwa kupasuliwa. Siku ya tano anarudi nyumbani. Kwa desturi yetu mama mzazi hafanyi kazi: analazwa, analetewa uji, analetewa sombe, wageni wanaingia na kutoka, yeye yuko kitandani tu. Siku ya tisa mguu wake wa kushoto unavimba. Mama mkwe anasema ni uchovu wa mimba, anamkanda kwa maji ya moto. Siku ya kumi na mbili, akigeuka kitandani, anasikia kama kisu kwenye mbavu upande wa kulia. Akivuta pumzi ndefu, kisu kinaingia zaidi. Usiku anakohoa, na kwenye kitambaa kuna damu nyekundu, kidogo tu, kama kijiko kimoja.

Kwenye kituo cha afya muuguzi anapima joto: 37,9. Anasikiliza kifua, anaandika "homa ya mapafu", anatoa antibiotiki na kikopo cha kuletea makohozi. Mawazo ya muuguzi huyo si ya ajabu. Homa ya mapafu na TB ndivyo anavyoviona kila wiki. Lakini hakuuliza juu ya mguu. Na mama hakuutaja, kwa sababu alikuja kwa ajili ya kifua. Mguu ule na kifua kile ni ugonjwa mmoja, na mtu pekee aliyeviona vyote viwili ni mgonjwa mwenyewe pamoja na wale walio nyumbani naye.

Donge linatoka wapi

Damu inashuka mguuni bila shida, kurudi juu ndiyo kazi. Moyo peke yake hautoshi kuivuta. Inasaidiwa na nyama za miguu, zaidi ile nyama ya nyuma chini ya goti, ambayo kila unapotembea inakamua mishipa na kuisukuma damu juu. Mguu ukikaa bila kutembea, damu ndani yake inalala, na damu inayolala inaweza kuganda.

Katika karne ya 19 munganga Mjerumani, Rudolf Virchow, alionyesha kwamba madonge yanayokutwa ndani ya mapafu ya maiti mara mingi hayakuzaliwa mle. Yamesafiri kutoka mbali, kutoka kwenye mishipa ya miguu ao ya nyonga. Yeye ndiye aliyeipa safari hiyo jina la emboli. Na mpaka leo wanganga wanafundishwa mambo matatu yanayofungamana na jina lake: damu iliyosimama, mshipa ulioumia, na damu iliyo rahisi kuganda kuliko kawaida.

Ukitazama maisha ya mashariki ya Kongo, mambo hayo matatu hayako mbali. Kijana wa moto amevunjika paja, amelala wiki sita mguu ukiwa umefungiwa uzito: damu imesimama, na mshipa umeumia. Mtu aliyepigwa risasi na kupasuliwa: ni vilevile. Mwanamke mwenye mimba ao aliyezaa: mwili wake wenyewe unaifanya damu igande upesi ili asitokwe na damu nyingi wakati wa kuzaa, na hali hiyo inaendelea baada ya mtoto kutoka. Wiki sita za kwanza kisha kuzaa ndizo za hatari zaidi, kushinda hata miezi ya mimba. Akiwa amepasuliwa, hatari inaongezeka. Wenye kansa wako kwenye hesabu hiyo, wenye virusi vya UKIMWI pia, na mtu aliyewahi kupata donge zamani ni wa kwanza kabisa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaongeza hatari kidogo, lakini mimba yenyewe inaiongeza zaidi, kwa hiyo mtu asivitupe juu ya kusoma habari hii, aulize kwanza.

Kuna kitu ambacho wengi hawakijui: kifua kikuu chenyewe kinafanya damu igande kwa urahisi. Mgonjwa wa TB aliyelala siku nyingi, amekonda, amekosa maji mwilini, anaweza kupata donge juu ya TB yake. Kwa hiyo kumwambia "una TB" hakumalizi maswali yote.

Kwa nini donge dogo linauma na kubwa linaangusha

Mapafu yanapata damu kwa njia mbili. Njia kubwa inaleta damu chafu kutoka moyoni ili isafishwe kwa hewa. Njia ndogo inaleta damu safi ya kulisha nyama yenyewe ya pafu. Kwa sababu ya njia hizi mbili, donge likiziba ile kubwa, mara mingi pafu halifi. Linalishwa na njia ndogo. Ndiyo maana si kila emboli inaleta infarkti.

Donge kubwa linakwama karibu na moyo, pale mshipa ulipo mpana. Mgonjwa anakosa pumzi ghafla, anazimia, moyo unashindwa. Huyo pengine hana maumivu ya mbavu na hakohoi damu hata tone. Donge dogo linapita pale, linakwenda mpaka kwenye ncha za pafu, karibu na utando unaolifunika. Kule njia ya pili inajaribu kusaidia, inaleta damu kwa nguvu kwenye sehemu ndogo, na damu hiyo inavuja ndani ya vifuko vya hewa. Hapo mtu anakohoa damu. Sehemu hiyo isipopata nafuu inakufa, utando unawaka, na kila pumzi inakuwa kichomi. Watu wenye ugonjwa wa moyo wanapatwa na hili kwa urahisi, juu damu yao tayari inatoka kwenye mapafu kwa shida. Mara mingi ni sehemu za chini za mapafu zinazojeruhiwa.

Kwa hiyo kichomi na damu kidogo ni alama ya donge dogo. Mtu anaweza kufikiri ni habari nzuri, na kwa siku ile ni kweli. Shida ni kwamba mguu uliotuma donge dogo unaweza bado kuwa na kubwa.

Namna linavyojitambulisha

Kitu cha kwanza ni ughafla. Mgonjwa wa donge mara mingi anaweza kukuambia saa: "Nilikuwa natoka chooni", "Nilikuwa nageuka kitandani". Mgonjwa wa TB hawezi kukuambia siku. Kikohozi chake kilianza kama mafua, kikaendelea wiki mbili, tatu, na pamoja nacho jasho la usiku na kukonda. Homa ya mapafu ya kawaida iko katikati: inakuja ndani ya siku chache, na joto la juu, kutetemeka, na makohozi mazito ya kijani ao rangi ya kutu.

Infarkti inaweza kuleta joto pia, lakini kwa kawaida ni dogo. Moyo unakimbia hata mgonjwa akiwa amelala. Pumzi ni fupi, na anapumua juu juu kwa kuogopa kile kisu. Damu anayokohoa mara mingi si nyingi. Maji yanaweza kujikusanya chini ya pafu, na munganga akiyavuta kwa sindano pengine yanatoka yamechanganyika na damu.

Kisha mguu. Mara mingi ni mguu mmoja, si yote miwili. Umevimba kuliko mwenzake, una joto, unauma ukiubonyeza nyuma chini ya goti, ngozi pengine imekaza ao imebadilika rangi. Kwa watu weusi wekundu hauonekani vizuri, basi tumia mkono na kamba: pima mzunguko wa mguu sentimita 10 chini ya goti, pande zote mbili. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 si ya kuacha. Kwa mwanamke mwenye mimba mara mingi ni mguu wa kushoto, kwa kuwa mshipa wa upande huo unabanwa ndani ya nyonga. Lakini kuna wagonjwa wengi ambao mguu wao hauonyeshi kitu chochote, ama kwa kuwa donge liko juu kwenye nyonga, ama kwa kuwa limekwisha ondoka lote. Mguu mzuri hauondoi shaka.

Mguu wa namna hiyo usikandwe. Wala maji ya moto, wala mafuta, wala kuchanja. Tunajua mama mkwe anafanya kwa upendo, na kukanda kunasaidia kwa mambo mengine. Ila hapa unaweza kuling'oa donge na kulituma juu.

Maswali kabla ya mashine

Wasikilizaji wengi wanaamini kwamba bila skana hakuna kitu kinachojulikana. Si kweli. Ugonjwa huu unaanza kutafutwa kwa maswali, na kuna hesabu inayotumika duniani kote, iliyotengenezwa na munganga Philip Wells na wenzake kule Kanada. Haiombi umeme.

Dalili za donge mguuni zinapewa pointi 3. Ikiwa munganga, akipima mambo yote, anaona hakuna ugonjwa mwingine unaoeleza hali hii vizuri zaidi, pointi 3 tena. Moyo unaopiga zaidi ya mara 100 kwa dakika ni 1,5. Kulala kitandani siku 3 ao zaidi, ao kupasuliwa ndani ya wiki 4 zilizopita, ni 1,5. Kuwahi kupata donge zamani ni 1,5. Kukohoa damu ni 1, na kansa ni 1. Zikipita 4, emboli inatazamiwa, na haifai kupoteza muda. Hesabu hii haikutengenezwa kwa mama mwenye mimba tumboni, lakini yule wetu amekwisha zaa. Mguu wake ni 3, kupasuliwa 1,5, damu 1. Tukisema moyo wake unapiga 112, ni 1,5 nyingine. Jumla 7, hata kabla ya munganga kutoa zile 3 za maoni yake. Na vyote hivyo vingepatikana kwenye kituo cha afya, kwa saa ya mkononi na maswali matatu.

Kile kifaa kidogo cha kubana kidole nacho kinasaidia. Kinasoma oksijeni ya damu. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1500 juu ya bahari, kwa hiyo mtu mzima wa huku anaweza kusoma pointi moja ao mbili chini ya yule wa Uvira, hilo lisimtishe mtu. Chini ya 90 ni hatari. Lakini mwenye donge dogo anaweza kusoma 96 na kuonekana mzima, basi namba nzuri isitumiwe kumrudisha nyumbani mtu mwenye kichomi, damu na mguu uliovimba.

Vipimo: kipi kinasema nini

Kipimo cha damu kinachoitwa di-dimeri kinapatikana kwenye maabara za miji mikubwa. Kinatafuta mabaki ya damu iliyoganda na kuyeyuka. Watu wanakielewa kinyume. Kikitoka chini, kwa kawaida chini ya 500, na pointi za Wells hazipiti 4, basi emboli inaweza kuondolewa mawazoni na mgonjwa anaokoa pesa ya skana. Kikitoka juu, hakisemi kwamba una donge. Kinapanda kwa mimba, kisha kuzaa, kisha kupasuliwa, kwa malaria, kwa TB, kwa homa ya mapafu, na kwa uzee wenyewe. Kumpima di-dimeri mama aliyepasuliwa siku kumi na mbili zilizopita ni kutupa pesa karibu kila mara: itakuwa juu, na utakuwa pale pale ulipokuwa.

Kuna kupiga radio, na hapa tunaongea radio ya kifua, si hii yetu. Picha ya radio kwa mwenye emboli inaweza kuwa safi kabisa, na usafi huo wenyewe ni alama: mgonjwa anakosa pumzi sana na picha haionyeshi kitu. Kukiwa na infarkti, pengine kunaonekana kivuli chenye umbo la kilima, kitako chake kimekaa kwenye ukuta wa kifua, kichwa chake kinatazama moyo. Wanganga wanakiita kilima cha Hampton, kwa jina la Aubrey Hampton wa Marekani, aliyekieleza pamoja na mwenzake Benjamin Castleman mwaka 1940. Kivuli cha TB ya mtu mzima mara mingi kiko juu ya pafu, pengine na shimo katikati; hiki mara mingi kiko chini, kando. Haitoshi kuhukumu, lakini inatosha kumfanya mtu aulize juu ya mguu. Radio ina kazi nyingine pia: inaonyesha mbavu iliyovunjika, hewa iliyovuja nje ya pafu, maji mengi, yaani mambo mengine yanayoleta kichomi.

Makohozi yapelekwe tu, hata kama munganga anashuku donge. Mashine ya GeneXpert inatafuta kijidudu cha TB, na mgonjwa anaweza kuwa na vyote viwili. Ila jibu likirudi "hakuna", hapo ndipo kuna mtego. Mtu anaweza kuanzishiwa dawa za TB bila kijidudu kuonekana, kwa picha na dalili tu. Mpango wa TB unaruhusu hivyo, na inaokoa wengi. Lakini kabla ya kuzianza ni haki kuuliza: ilianza ghafla? alikuwa amelala ao kupasuliwa? mguu ukoje?

Sasa kipimo ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachosahauliwa zaidi hapa kwetu, nacho kiko karibu: ekografi. Hospitali kuu nyingi za zoni ya afya zina mashine ya kutazama mimba. Mashine hiyo hiyo, hasa ikiwa na kichwa chake cha kutazama mishipa, inaweza kutazama mguu. Munganga anaweka kichwa kile kwenye nyonga, anautafuta mshipa, anabonyeza. Mshipa mzima unafunga kama bomba la plastiki lisilo na maji. Wenye donge haufungi. Anafanya hivyo tena nyuma ya goti. Haichukui muda mrefu, haina miale, mama mwenye mimba anapimwa bila hofu. Mgonjwa mwenye kichomi na damu, mshipa wa paja ukikataa kufunga, dawa inaanzwa siku hiyo hiyo, na skana si ya lazima tena. Mshipa ukifunga vizuri, emboli haijaondolewa, maana donge linaweza kuwa limekwisha panda lote.

Ekografi inaweza pia kuwekwa kwenye mbavu, mahali mgonjwa anapoonyesha kwa kidole. Infarkti, kwa kuwa iko karibu na utando, inaonekana kama pembe tatu nyeusi. Na ikiwekwa juu ya moyo inaonyesha kama upande wa kulia umevimba kwa kusukuma damu mbele ya kizuizi. Mwenye moyo wa namna hiyo, presha ikishuka, ni mtu wa kupelekwa mbio. Kipimo cha umeme wa moyo kinafanywa pia, lakini mara mingi kinaonyesha tu moyo unaokimbia.

Inabaki skana. Ndiyo inayoliona donge lenyewe ndani ya mshipa, na kipande cha pafu kilichokufa mbele yake: umbo la pembe tatu, kitako kwenye utando, katikati pengine pamefifia kuliko kando. Skana ziko miji mikubwa, na kwa mtu wa Shabunda ao wa Walikale hiyo ni safari yenye bei yake. Basi ajue jambo moja kabla ya kulipa: skana ya kawaida, bila dawa ya kuonyesha mishipa, inaweza kuliona jeraha la pafu lakini kwa kawaida hailioni donge. Karatasi ya munganga lazima iandike kwamba inatafutwa emboli, na dawa inachomwa mkononi wakati wa kupiga. Hiyo dawa inahitaji figo kupimwa kwanza, na mgonjwa aseme kama aliwahi kuvimba ao kuwashwa kisha kuchomwa dawa ya namna hiyo. Mimba haikatazi skana hii ikiwa inahitajiwa kweli.

Na jambo ambalo familia nyingi hazilijui: matibabu hayapaswi kungoja skana. Shaka ikiwa kubwa na mgonjwa hana sababu ya kutokwa na damu nyingi, wanganga wanaanza sindano ya kuzuia damu kuganda, heparini ao enoksaparini, kisha wanatafuta uhakika. Uulize hilo kabla ya gari kuondoka kwenda mjini.

Mtoto wa SS

Tuongeze neno juu ya wenye anemia SS, maana Kongo iko kati ya inchi tatu ambamo watoto wengi zaidi wanazaliwa nayo. Kwao chembe za damu zenyewe zinajikunja na kuziba mishipa midogo ya pafu, bila donge kutoka mguuni. Kichomi, joto, kukosa pumzi, na kivuli kipya kwenye radio: huyo anapelekwa hospitali siku ile, hata kama mama amezoea "crise" za mifupa na ana dawa nyumbani. Matibabu yake ni mengine, pamoja na oksijeni na pengine kuongezewa damu.

Ukifika kwenye meza ya kupokelewa

Sema mambo manne, hata usipoulizwa: ilianza saa ngapi, umelala ao umepasuliwa ao umezaa lini, mguu ukoje, na kama wewe ao ndugu wa damu aliwahi kupata donge. Fika na karatasi ya kutoka materniti ao ya upasuaji. Ukikosa pumzi hata kwa kuongea, ukazimia, midomo ikabadilika rangi, usipitie popote, wala kwa mzee wa kutapisha karuho. Kutapisha mtu ambaye pafu lake limezibwa kunamchosha na kumkausha maji, na damu iliyokauka maji inaganda zaidi.

Ikishajulikana, dawa za kuzuia kuganda zinachukuliwa miezi 3 kwa uchache. Mwenye kunywa warfarini anapimwa damu mara kwa mara, ili isiwe nyepesi mno wala nzito. Aspirini si badala yake. Diklofenaki ya kununua kwenye kibanda, pamoja na dawa hizi, inaweza kumfungulia mtu damu tumboni. Na kama mgonjwa ana TB pia, amwambie kila munganga anayemwona: rifampisini, ambayo ni dawa kubwa ya TB, inalifanya ini livunje warfarini upesi, na mtu anabaki anameza vidonge visivyomlinda. Rivaroksabani nayo inadhoofishwa hivyo hivyo.

Kile kilima kwenye radio hakipotei kwa siku chache. Kivuli cha homa ya mapafu kinafifia chote kwa pamoja. Cha infarkti kinapungua kuanzia kando, kama barafu inayoyeyuka, kwa wiki kadhaa, na pengine kinaacha kovu kama uzi. Radio ya pili isiwatie watu hofu kwamba dawa haifanyi kazi.

Mama wa mfano wetu akishika mimba tena, aliseme donge lake kwenye CPN ya kwanza kabisa, kabla tumbo halijaonekana. Warfarini inaweza kumharibu mtoto tumboni, lakini sindano za heparini hazipiti kwenda kwa mtoto, na munganga anaweza kuzipanga tangu mwanzo mpaka wiki sita kisha kuzaa.